Jicho la Mzee: Namna Waandishi Wanavyoonyesha Akili Iliyofadhaika

 

Twazungumza nanyi kutoka Pasiansi, kando ya Ziwa Victoria, mwendo mfupi kaskazini ya mji wa Mwanza. Aijuaye nchi hii ayajua mawe yake: majabali makubwa yaliyopandana, mengine yamekaa juu ya ncha kana kwamba mtoto angeweza kuyasukuma yakaanguka. Mchana watu huanika nguo juu ya mawe hayo, na watoto huyapanda wakicheza. Lakini usiku usio na mwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa mbali ziwani, na taa zao zaonekana kama mji ulioota juu ya maji, mawe yale yale huwa kitu kingine. Upepo hupita katikati yake ukalia. Mjusi akiangusha kijiwe, mtu aliye peke yake husikia hatua za mtu. Jiwe halikubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni yule alitazamaye.

Jambo hilo ndilo tutakalolizungumza leo: jinsi waandishi wa hadithi fupi za kutisha wanavyotuonyesha akili ya mtu iliyofadhaika. Huenda mmoja wenu akauliza, “Hadithi za kutisha zatufaa nini sisi wakulima, wavuvi na wanafunzi?” Twamwomba avumilie kidogo, kwani kabla ya kumaliza tutafika katika jambo ambalo limeua watu katika nchi yetu hii.

Hadithi hizi Wazungu waziita za kigothiki. Jina lenyewe latokana na majengo ya kale ya Ulaya, makanisa na ngome zenye matao yaliyochongoka. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa kitabu kiitwacho The Castle of Otranto, na katika chapa ya pili, ya mwaka 1765, alikiita hadithi ya kigothiki. Waliomfuata walijaza vitabu vyao ngome zilizobomoka, milango iliayo, vyumba vya chini na mizimu. Msomaji alitetemeka usiku, na asubuhi akacheka, maana alijua kwamba hakuna mzimu chini ya kitanda chake.

Ndipo akatokea Mmarekani Edgar Allan Poe, aliyezaliwa mwaka 1809 akafa mwaka 1849. Yeye alizifupisha hadithi hizo hata mtu aweze kuisoma moja kwa kikao kimoja, na kitisho akakitoa katika ngome akakitia ndani ya kichwa cha mtu. Hapo msomaji hakuweza tena kucheka asubuhi. Mzimu twaweza kusema haupo. Lakini nani atasema kwamba hana akili iwezayo kufadhaika?

Basi tutazame njia zao, moja baada ya moja.

Njia ya kwanza ni kumpa mwenye fadhaa usimulizi. Mwandishi hasimami pembeni akasema, “Huyu alikuwa na wazimu.” Humwachia mtu yule aseme mwenyewe, naye hutumia neno “mimi” tangu mwanzo hata mwisho, wala hakuna sauti nyingine ya kumsahihisha. Mfano ulio mashuhuri ni hadithi ya Poe iitwayo The Tell-Tale Heart, iliyotolewa mwaka 1843. Habari yake ni hii.

Mtu mmoja akaa nyumba moja na mzee. Asema kwamba alimpenda mzee yule, kwamba mzee hakumkosea neno, na kwamba hakuitamani mali yake. Kilichomsumbua ni jicho moja la mzee, jicho la rangi ya samawati iliyofifia, lenye utando, kama jicho la tai mla mizoga. Kila lilipomwangukia, damu yake ilipoa. Akaazimia kumwua mzee ili aepukane na jicho. Usiku saba mfululizo, usiku wa manane, alifungua mlango polepole akaingiza kichwa na taa iliyofunikwa, akaachia mwali mmoja tu uliangukie jicho. Lakini kila usiku alilikuta limefumba. Usiku wa nane mzee aliamka, jicho likawa wazi, na mtu yule akamwua, akauficha mwili chini ya mbao za sakafu. Askari watatu wakaja, kwa kuwa jirani alisikia ukelele. Akawakaribisha kwa uchangamfu, akaweka kiti chake juu ya mahali pale pale alipomficha maiti. Walipokuwa wakizungumza, alianza kusikia moyo ukidunda chini ya sakafu. Ukazidi, ukazidi, askari wakatabasamu kana kwamba hawasikii kitu, naye akapiga kelele, akakiri yote.

Sasa angalieni. Tangu maneno ya kwanza mtu huyu asisitiza kwamba yeye si mwenda wazimu. Atoa na ushahidi: kama angekuwa na wazimu, asema, angewezaje kufanya kazi yake kwa uangalifu namna ile? Ajisifu kwa werevu wake, kwa utulivu wa mkono wake, kwa ukali wa masikio yake. Na kila ushahidi autoao kwa kujitetea wamhukumu zaidi. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mwandishi amefungia msomaji ndani ya chumba kimoja na mtu huyu, kisha ameacha ufa mdogo ukutani. Ufa huo ni ile tofauti iliyopo baina ya maneno ya msimulizi na matendo yake. Msimulizi hauoni, msomaji auona, akachungulia nje, akaiona kweli.

Bila ya ufa ule, hadithi haifai. Kama msomaji hana pa kuchungulia, ataamini kila neno, na mwisho atasema, “Kumbe jicho lilikuwa baya kweli.” Tulishike neno hilo, maana tutalirudia.

Njia ya pili ni pumzi ya maneno. Mtu aliyetulia husema kwa mpango. Neno la kwanza humleta la pili. Mtu aliyefadhaika hukata maneno, hurudia, hujibu asiloulizwa. Tufanye jaribio sisi wenyewe. Mwandishi mmoja aweza kuandika hivi: “Mtu yule alikuwa na hofu kubwa, akadhani jirani yake amtakia mabaya.” Maneno hayo ni sahihi, lakini msomaji amepewa habari tu. Mwingine aweza kuandika hivi:

“Si kweli kwamba naogopa. Nimefunga mlango kwa sababu ya upepo. Nimeufunga mara tatu kwa sababu upepo ni mwingi. Jirani yangu anakwangua sufuria. Kila mtu hukwangua sufuria. Lakini kwa nini akwangue saa hii? Na kwa nini anyamaze kila ninaponyamaza?”

Neno “wazimu” halimo, wala “hofu” haikutajwa ila kwa kukanushwa. Lakini mtu huyu ameanza kwa kukanusha jambo ambalo hakuna aliyemshitakia. Sababu ya kufunga mlango mara moja yatosha. Sababu ya kuufunga mara tatu haitoshi. Na lile swali la mwisho limegeuza sufuria ya jirani kuwa shauri la siri. Msomaji hakuambiwa, ameona kwa macho yake, na kwa hiyo ameamini.

Njia ya tatu ni kuitumia nyumba au nchi iwe kioo cha akili. Poe alifanya hivyo katika hadithi ya mwaka 1839, The Fall of the House of Usher. Msimulizi si mgonjwa mwenyewe, ni rafiki yake wa utotoni aliyeitwa kwa barua. Afika, aiona nyumba ya ukoo wa Usher imesimama kando ya ziwa dogo la maji meusi yaliyotulia, madirisha yake kama macho matupu, na ukutani mna ufa mwembamba uanzao kwenye paa ukateremka hata majini. Mwenye nyumba ni mtu mwenye akili nyingi na elimu, lakini hawezi kuvumilia mwanga, wala sauti, wala harufu. Asomaye huanza kuhisi kwamba ufa wa ukuta na ufa wa mtu ni ufa mmoja. Na mwisho nyumba yapasuka pale pale, yaingia majini pamoja na ukoo wake. Tena rafiki aliyekuja akiwa mzima, kwa siku chache tu amekwisha kuambukizwa hofu. Hilo nalo ni la kweli katika maisha: hofu huambukiza kuliko mafua.

Ambaye angetaka kuandika hadithi ya namna hii kwa Kiswahili, asitafute ngome za Ulaya asizoziona. Sisi tunayo mawe yaliyokaa juu ya ncha. Tunayo mawingu ya wadudu wadogo wa ziwani, ambayo kwa mbali waweza kuyadhania moshi wa nyumba iunguayo juu ya maji. Tunao usiku ambao mvuvi hakurudi, na mkewe asikiliza kila kasia. Mahali pakiwa pa kweli, fadhaa nayo huwa ya kweli.

Njia ya nne ni kukikuza kitu kidogo. Mwaka 1892 mwanamke wa Marekani, Charlotte Perkins Gilman, alitoa hadithi iitwayo The Yellow Wallpaper. Ni maandishi ya siri ya mwanamke aliyejifungua karibuni, akaingiwa na huzuni nzito. Mumewe ni daktari, naye amemweka katika chumba cha juu cha nyumba ya kupanga, chenye vyuma madirishani, akamkataza kazi na kuandika, kwa kudhani kwamba mapumziko yatamponya. Chumbani mna karatasi ya manjano iliyobandikwa ukutani. Mwanzo mwanamke huyu aichukia rangi yake tu. Kisha aanza kufuatisha michoro yake kwa macho. Kisha aona kuna mtu nyuma ya michoro. Kisha ni mwanamke, atambaaye, atikisaye michoro kama vyuma vya gereza. Mwisho aibambua sehemu kubwa ya karatasi, naye mwenyewe atambaa chini kando ya ukuta, hata mumewe afungua mlango, amwona, azimia.

Gilman hakuyabuni yote. Mwaka 1887 yeye mwenyewe alipewa tiba ya namna hiyo, na baadaye, mwaka 1913, akaeleza kwamba aliandika ili kuwaokoa wengine wasitiwe wazimu. Basi mwaona kwamba ufundi huu si wa kuchezea hofu za watu. Daktari yule alikuwa na sauti, nayo sauti yake iliaminiwa na wote. Mgonjwa hakuwa na sauti ila kalamu iliyofichwa. Hadithi imempa usimulizi yeye asiyeaminiwa, nasi twasikia aliyokuwa akiyasema siku zote.

Je, katika lugha yetu wenyewe njia hizi zimetumiwa? Zimetumiwa, na tena na mtu wa ziwa hili. Ng'ambo ya maji, kaskazini ya Mwanza, kipo kisiwa cha Ukerewe, na huko Namagondo alizaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Alisoma katika seminari ya Nyegezi, kusini ya mji wa Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki dunia mwaka 2020. Kitabu chake Kichwamaji, kilichotoka mwaka 1974, si hadithi fupi, ni riwaya. Lakini twakitaja kwa sababu kinafanya lile tulilolieleza. Msimulizi ni Kazimoto, kijana wa Chuo Kikuu, naye asema “mimi”. Hakuna ngome, hakuna mzimu wala taa iliyofunikwa. Mna ofisi, nyumba za kijijini, wazazi, pombe, mazungumzo ya vijana. Fadhaa yake haiji kwa kelele. Yaja kwa maswali. Auliza juu ya Mungu, juu ya elimu, juu ya maana ya kuishi, na kila jibu lazaa swali jingine. Mwisho ajiua kwa mkono wake mwenyewe.

Kezilahabi ametufundisha kwamba akili yaweza kufadhaika mchana, katikati ya watu, ndani ya kichwa cha kijana ambaye wote wamemwona msomi mwenye bahati. Waliomzunguka walisikia maneno yake, lakini ni msomaji aliyepewa kuyasikia mawazo yake. Ni wangapi kati yetu wamekaa karibu na mtu wa namna hiyo, wakasema, “Ana kiburi cha elimu,” wala wasiulize zaidi?

Na sasa twarudi kwenye jicho, kama tulivyoahidi.

Katika nchi ya Wasukuma, Mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kuanzia miaka ya 1970 na hata katika karne hii, maelfu ya watu, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Wengi walikatwa mapanga usiku, majumbani mwao. Na mojawapo ya dalili zilizotajwa ni macho mekundu. Kila mmoja wetu ajua macho ya bibi yamekuwaje mekundu. Mwanamke aliyepika miaka hamsini juu ya mafiga, kwa kuni mbichi au kwa mavi makavu ya ng'ombe pale kuni zilipokwisha, katika jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho ya rangi gani? Macho yale ni hesabu ya vyungu alivyowapikia watoto na wajukuu.

Lakini mtoto akafa, au ng'ombe wakafa, au mvua ikakosa. Mtu akaenda kwa mpiga ramli. Akarudi na hadithi, nayo hadithi ilikuwa na jicho ndani yake.

Tuseme neno la haki hapa, tusije tukadhulumu. Hatusemi kwamba wauaji wale walikuwa wagonjwa wa akili. Wengine walikuwa watu wa kukodiwa, na nyuma ya mauaji mengine palikuwa na tamaa ya shamba au urithi. Wala hatusemi kwamba mgonjwa wa akili ni mwuaji. Walio wengi hawamdhuru mtu, bali wao ndio wadhuriwao. Hadithi ya Poe ni hadithi tu. Twasema jambo jingine: kwamba habari ya mchawi husimuliwa kwa namna ile ile kama habari ya mtu yule wa Poe. Sauti ni moja tu, ya ashitakiaye. Yeye ndiye asemaye “mimi”. Mzee mwenye jicho hakupewa neno. Na kwa kuwa hakuna aliyetafuta ufa, kijiji kizima kikafungiwa ndani ya chumba kimoja na hofu ya mtu mmoja, kikasema, “Kumbe jicho lilikuwa baya kweli.”

Serikali ya Tanganyika ilitunga sheria juu ya uchawi mwaka 1928, nayo ilikataza kumshitaki mtu kwa uchawi ovyo. Sheria ni jambo la lazima. Lakini sheria hufika asubuhi, na panga hufika usiku. Kinachoweza kufika mapema zaidi ni mazoea ya mtu kuuliza, kila asikiapo habari ya kutisha: Nani asimuliaye? Ameona nini kwa macho yake, na nini amekidhani? Na huyu atajwaye, angepewa kusimulia yeye, angesemaje? Mazoea hayo hayaji kwa siku moja. Lakini mtoto aliyezoea kusoma hadithi za wasimulizi wasioaminika, akazoea kuutafuta ufa, atakuwa mtu mzima asiyedanganywa upesi.

Kwa wanafunzi wapendao kuandika, twawaachia mashauri machache. Msimwite mtu wenu wa hadithi mwenda wazimu. Mwacheni aseme, nasi tutajua. Chagueni kitu kimoja kidogo, sufuria, ufunguo, jicho, mkikuze hatua kwa hatua, msiruke hatua hata moja. Pumzi ya maneno ifuate pumzi ya mtu. Mahali pawe pale mpajuapo. Acheni ufa, lakini msiuonyeshe kwa kidole. Na zaidi ya yote, msimcheke mtu huyo. Mwandishi anayemcheka aliyefadhaika hawezi kumwingia moyoni, na asomaye atabaki nje pamoja naye.

Na kwa wote, wasomao na wasikilizao: pengine katika nyumba ya mmoja wenu yuko mtu asiyelala, asemaye peke yake, au aliyenyamaza tangu msiba fulani. Msimpeleke kwenye ramli, wala msimfunge kamba. Kaeni naye, msikilizeni mpaka mwisho, kisha mpelekeni hospitali. Hapa Mwanza, Hospitali ya Bugando ina waganga wa maradhi ya akili. Na kama yuko bibi mwenye macho mekundu, mtobolee jiko lake dirisha, ukamkatie kuni kavu. Jioni, ukiketi naye nje ya moshi, mwombe akusimulie habari zake yeye mwenyewe.

Hapa ndipo tukomeapo kwa leo.